Wanafunzi wageni wanne tuko Bagamoyo: Tanga, Pangani na Saadani kwa wikiendi moja, inawezekana?

MtotoWaZiwa

Habari zenu wadau. Mimi ni Mkenya, mtu wa Kisumu, nasoma ngoma hapa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Tuko wanne ambao Jumamosi hatukai chumbani: mimi, Mganda mmoja anayepiga ngoma kuliko anavyokula, na kula anakula, dada wa Malawi wa uigizaji, na Mnorwe aliyekuja kwa muhula mmoja na fidla yake begani. Huyo Mnorwe ndiye anayetukimbiza. Mwisho wa mwezi wa tatu anarudi kwao, na Tanzania aliyoiona mpaka sasa ni Bagamoyo na uwanja wa ndege.

Bagamoyo yenyewe tumeimaliza. Misheni ya 1868 tumeingia, tukaoneshwa na mnara ulikolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, soko la samaki, kote huko tumefika. Muuza kachori wa pale sokoni ananiita "Mkenya wa nipe", kwa sababu wiki ya kwanza nilimwambia "nipe chai" akanitazama kama nimemwibia. Siku hizi naomba. Naomba mpaka vitu vyangu mwenyewe.

Jumamosi iliyopita tukaenda magofu ya Kaole, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Mimi nimekulia kando ya maji, najua mitumbwi, najua nyavu. Lakini ziwa letu ukiliacha mahali asubuhi, jioni unalikuta palepale. Tulipomaliza makaburi na msikiti tukapenya kwenye mikoko hadi ufukweni. Ilikuwa saa tano kasoro. Bahari imekwenda mbali, mchanga mtupu, kina mama wameinama wanaokota chaza. Nikavua viatu, nikaviweka pamoja na mkoba juu ya mzizi wa mkoko, tukatembea. Mnorwe akauliza, "Maji yanarudi saa ngapi?" Nikamjibu, "Kwani yameenda wapi?" Tukala mihogo, tukalala kivulini huko juu.

Saa tisa hivi Mmalawi akatuamsha kwa kelele. Mkoko wangu umesimama majini hadi kiunoni. Mkoba unaelea, simu imekufa, viatu sivioni. Nikarudi mjini pekupeku, karibu kilometa tano, na mzee mmoja mwenye duka njiani akaniuliza, "Mwanangu, bahari leo imekutoza kiingilio?"

Sasa tunataka kwenda Tanga kabla sijapoteza kingine. Mpango wangu ni huu. Ijumaa tukitoka darasani saa nane tupande basi. Jumamosi asubuhi mapango ya Amboni, mchana Pangani. Jumapili asubuhi kisiwa cha Maziwe, halafu turudi kwa njia ya pwani tupitie Saadani kuona tembo, usiku tuwe Bagamoyo, Jumatatu saa mbili darasani. Kila mmoja ana shilingi 100,000. Mnorwe anasema anazo zaidi, ila hatutaki awe benki yetu. Inawezekana? Na hifadhini, mtu wa Afrika Mashariki na mtu wa Ulaya wanalipa sawa?

KondaMstaafu

Kijana, hiyo si wikiendi, hiyo ni kampeni ya uchaguzi. Umesahau kuweka mkutano wa hadhara Korogwe.

Nakusaidia la basi tu, hayo mengine watakuja wenyewe. Mabasi ya Dar kwenda Tanga, mengine hupita Chalinze na mengine hupita hapo kwenu Bagamoyo yakatokea Msata. Ulizeni kabla, msije mkasimama barabarani mnapungia mikono hewa. Mkikosa la moja kwa moja, pandeni kosta hadi Msata, kilometa 64, lami tupu, pale mdandie linalotoka Chalinze. Mkata, Kabuku, Segera, Hale, Muheza, mmefika. Ijumaa jioni mabasi hujaa, na saa nane mliyoandika itakuwa saa tisa, nawajua wanafunzi.

BintiBweni

Karibu Tanzania mdogo wangu. Nimecheka hiyo ya viatu hadi mwanangu kaja kuuliza nimepatwa na nini. Sikucheki kwa ubaya. Mie mzaliwa wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, baba yangu mvuvi, na lililokukuta wewe Kaole lilinikuta mie kinyume chake huko Algeria.

Nilisoma kule kwa ufadhili. Wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi. Tulikuwa wasichana watatu, mie, Mburundi na Mmali, kila wiki tunachagua mahali ambapo nauli ya basi inafika. Siku hiyo tukatoka Algiers kwenda Tipaza, kama kilometa 70. Kuna magofu ya Warumi yametandazwa juu ya bahari kabisa, yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1982. Wenzangu wakazunguka na mawe yao. Mie nikaona mwamba mbele kidogo majini, umejaa vijikonokono, nikasema nakaa hapa, maji yakipwa nakwenda kuokota. Nikakaa. Saa nzima. Saa ya pili. Maji hayaendi popote. Kulikuwa na mzee anavua kwa mshipi, nikamwuliza kwa Kifaransa changu cha kuungaunga, maji yanatoka saa ngapi? Akanitazama, akamwita mwenzake naye aje asikie. Kumbe Mediterania kupwa na kujaa kwake ni kidogo mno, kwa macho huoni. Mie nilidhani bahari zote ni za Pangani. Na kwa kusubiri kwangu basi la mwisho likatuacha, tukarudi kwa teksi ya kubanana, nimekaa juu ya mapaja ya Mburundi na nauli nimelipa ya kiti kizima. Mpaka leo akinitumia ujumbe huanza na "maji yameshatoka?"

Kwa hiyo hauko peke yako. Sasa nisikilize, maana Maziwe hakiendewi kwa ratiba ya darasa. Kilikuwa kisiwa kweli, kina mivinje, kasa wakipanda kutaga. Kilitengwa kuwa eneo la hifadhi ya bahari mwaka 1975. Miti ikaja kuisha, bahari ikala mchanga, na leo ni fungu la mchanga linalotoka maji yakipwa na kuzama yakijaa. Ukifika saa mbaya nahodha anakuonesha maji matupu, anakwambia "ni hapa".

Tizama mwezi kwanza. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Siku hizo kwetu hupwa kama saa nne hadi saa tano asubuhi, jioni saa kumi yamejaa. Kila siku inayofuata saa husogea mbele karibu dakika 50. Katikati hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu. Wewe umesema saa tano kasoro bahari iko mbali, saa tisa mti umezama kiunoni. Hiyo ilikuwa bamvua, sihitaji hata kalenda. Basi hesabu wiki mbili tangu siku ya viatu, ndiyo wikiendi yenu. Ile ya katikati msiende Maziwe hata mkipewa mashua bure.

Na msicheleweshe mwezi. Sasa ni kaskazi, bahari inavumilika. Kusi likishaingia, mtu akiwaambia "twendeni tu" mwacheni aende yeye.

Mengine madogo. Jumamosi laleni Pangani, si Tanga mjini, ili asubuhi msianze kukimbizana na magari. Chukueni mashua yenye jaketi okozi za watu wote, zihesabuni kabla hamjapanda. Kuna ada ya eneo tengefu, mwombe nahodha awape risiti. Kinachokula pesa ni mafuta ya mashine, kwa hiyo mkipata kundi lingine la kuungana nalo mtapumua. Na kisiwani hakuna kivuli, hata cha kuwekea kopo la maji. Mnorwe ajifunike.

Mzee_BarabaraYaNane

Binti Bweni kasema kweli juu ya maji. Ila watu wa Pangani mkiachiwa mtasema Tanga mjini ni pa kubadilishia gari tu.

Vijana, mnafika kwetu kwa mtindo uleule tunaotaniwa nao siku zote, waja leo waondoka leo. Sawa. Amboni ni kama kilometa nane, barabara ya Horohoro. Wahini asubuhi. Vaeni viatu vya kufunga (wewe Mkenya utaazima), chukueni kurunzi, simu haitoshi. Pango la mawe ya chokaa hilo, kuna mahali mnatembea kama msikitini na mahali mnatambaa kama kenge. Mwongozaji atawaambia pango linatokea Mombasa, na kwamba mbwa aliingia hapa akatokea mlimani Kilimanjaro. Itikieni tu, mzee yule amelisema miaka mingi. Karibu na hapo kuna chemchemi ya maji moto ya kiberiti ya Galanos. Jina la Mgiriki, alikuwa na mashamba ya mkonge. Inanuka yai viza, lakini wazee wenye magoti mabovu tunaipenda.

Mkipata saa moja mjini, kodini baiskeli. Tanga ni tambarare, hata mtu asiye na mazoezi anafika Raskazone bila kushuka.

Sasa Saadani. Ondoeni. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ndiyo pekee nchini inayopakana na bahari, inastahili siku yake. Kutoka Pangani mnavuka mto kwa kivuko, barabara ya pwani nilipopita mara ya mwisho ilikuwa inajengwa vipandevipande, na bila gari lenu wenyewe mtaishia kusalimiana na askari getini. Tembo hawaji kituo cha kosta.

Ada ulizouliza si sawa. Mkenya na Mganda mnalipa kama raia wa Afrika Mashariki, kwa shilingi, ni nafuu. Mgeni wa nje analipa kwa dola, ni mbali kabisa na yenu. Wenye vibali vya ukaazi wana kundi lao, chukueni vibali vyenu mkaulize. Na hili watu husahau: Malawi haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Dada yenu atahesabiwa pamoja na Mnorwe.

MtotoWaZiwa

Shikamoo mzee, shikamoo dada. Nimewasomea wenzangu kwa sauti. Tulipofika kwenye Malawi, dada akasimama: "Kwa hiyo simba wa Saadani wanaijua SADC, jumuiya yetu ya kusini mwa Afrika?" Akanuna mpaka chakula cha jioni. Saadani tumeifuta. Haiwezekani watu wanaopika sufuria moja wafike getini wagawanywe kwa pasipoti.

Mnorwe naye alipomsikia Binti Bweni hakusema kitu. Alifungua simu yake akanionesha programu ya majira ya maji ya pale kwao. Anayo tangu mtoto. Siku ya Kaole alikuwa anauliza swali la kweli.

HesabuKali

Neno moja la pesa, maana safari huvunjwa na pesa kuliko mvua. Mfuko wa pamoja uwe wa vitu visivyogawanyika tu: mashua, chumba, bodaboda ya mizigo. Chakula kila mtu na tumbo lake, hasa kwa huyo Mganda. Nimesoma Uganda miaka mitatu, rafiki yangu wa karibu tuliachana kwa sababu ya kuku wa Jinja aliyeliwa na watu watano akalipwa na wawili.

MtotoWaZiwa

Tumerudi. Naleta ripoti kama nilivyoahidi, ingawa hakuna aliyeiomba.

KondaMstaafu, darasa lilitoka saa tisa kasoro robo. Basi la moja kwa moja likapita limejaa hadi mlangoni. Kosta hadi Msata, pale tukasubiri, tukapata basi saa kumi na moja, Tanga tukashuka saa nne usiku. Gesti ya Ngamiani, vyumba viwili, wanaume huku, wanawake kule. Asubuhi chapati na maharage ya nazi. Nikasema "naomba" mara tatu kabla mama hajageuka, akaniambia, "Mwanangu, nimesikia, ngoja nigeuze chapati."

Amboni. Mganda aligoma kuacha ngoma yake kwa mlinzi. Ni ndogo, anaivaa mgongoni, akasema inahitaji kusikia pango. Mwongozaji akaniuliza jina langu la ukoo, nikamtajia, akapiga makofi: "Mjaluo! Basi umekuja kwa ndugu yako Otango." Akatusimulia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humo miaka ya 1950, polisi wa Mwingereza wanawatafuta, watu wa vijijini wanawafichia siri. Kuanzia hapo kila kona giza ananiambia, "Ndugu yako alilala hapa." Otango alikuwa mtu wa kulala sana, kwa hesabu ya kona zile.

Kwenye tundu la kutambaa Mganda akanasa. Ngoma ilishika mwamba juu, tumbo likashika chini. Nyuma yake yuko Mnorwe, mbele niko mimi. Nikavuta mikono, hakutoka. Mwongozaji akasema, "Toa pumzi, usiogope." Akatoa pumzi, akateleza kama samaki, ngozi ya ngoma ikachanika kidogo pembeni. Tulipofika ukumbini akataka kuijaribu kama bado inalia. Mzee akamshika mkono. Palikuwa na chupa za marashi na vitambaa vimewekwa kando ya jiwe, watu huja kuomba dua zao pale. Mganda akairudisha ngoma mgongoni bila neno, na ni mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Galanos tulinusa kwa mbali, mzee nisamehe.

Pangani kosta inachukua muda mfupi, kama kilometa 50. Tukafika alasiri, tukaweka mizigo, tukavuka kwa kivuko kwenda Bweni na kurudi bila shughuli yoyote, ili nimwambie Binti Bweni nimekanyaga kwao. Usiku tukala bada na mchuzi wa samaki. Jamani, hiyo bada. Mimi na Mganda tuliacha kuzungumza. Ni ugali wa muhogo, kwetu upo, nilikuwa sijauona tangu mwezi wa kumi. Mnorwe akauliza kwa nini tunakula tumeinamisha vichwa namna ile.

Mashua tulipatana na wanafunzi watatu wa Moshi tuliowakuta gesti, tukagawana saba kwa saba. Jaketi nilihesabu mara mbili, zilikuwa tisa. Tukaondoka saa mbili na nusu. Nilikuwa nimesimama mbele nakodoa macho, sioni kitu, nikaanza kufikiri wiki mbili zangu nimehesabu vibaya. Halafu nahodha akanyoosha kidole na pale kwenye maji ya kijani kukawa na mstari mweupe, kama mtu amechora kwa chaki. Saa nne kasorobo tulikuwa tumesimama juu yake.

Hakuna mti. Hakuna jiwe. Ni mchanga, ndege wachache, na bahari kila upande. Mnorwe akatoa fidla, Mganda akapiga ngoma iliyochanika, inatoa mlio kama mtu mwenye mafua. Mmalawi akacheza ngoma ya kwao, wale wa Moshi wakaingia, na ngalawa ya wavuvi wawili ikasogea ikatazama. Mmoja wao akauliza kama tumelipwa.

Mimi nilichomeka kijiti mchangani pale maji yalipoishia. Viatu nilivifunga kamba nikavivaa shingoni. Saa sita kijiti kikaanza kulowa. Nikamwendea nahodha, amejilaza mashuani na kofia usoni. "Nahodha, maji yanarudi." "Ndiyo." Nikaenda, nikarudi. "Nahodha, yamepita kijiti." Akafunua kofia, "Kijana, kaa. Mwenye mashua ni mimi." Wenzangu wakaogelea nusu saa nyingine. Mimi nilipanda wa kwanza, nikakaa kwenye mashua iliyotia nanga kama abiria wa basi linalosubiri kujaa. Lakini niliona jambo ambalo wao hawakuliona: fungu likawa mawili, katikati pakapita maji membamba, halafu lile dogo likaondoka. Halikuzama kwa kishindo. Niliangalia pembeni kidogo, nilipogeuka halipo.

Kurudi sitaki kueleza. Msata tulifika saa tano usiku, kosta hakuna, tukasubiri Noah moja mpaka saa saba. Kila mtu aligharamika chini ya laki yake. Nilibaki na 6,400. Jumatatu Mganda alisinzia akiwa amekumbatia ngoma, mwalimu akamwacha.

BintiBweni

Alhamdulillah mmerudi salama. Umefanya vizuri kukanyaga kwetu. Na vile viatu vya Kaole je, ndiyo basi?

MtotoWaZiwa

Kimoja kimerudi dada. Yule mzee wa dukani amekitundika mlangoni kwake, anasema kilikuja na maji akakitambua kwa ukubwa. Kingine kikija atanipigia simu. Nimemwambia, mzee, simu ilizama siku hiyohiyo.